Jembe Lile Lile

Mhadhara kwa wahitimu wa ufundi, walimu na vikundi vya akina mama, Tawa, Kaunti ya Makueni

  

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi. Si kazi kubwa zinazotangazwa redioni, bali kazi ya kila siku: ile unayoiamkia Jumatatu, ukairudia Jumanne, na Ijumaa ikakukuta bado uko pale pale. Mtu anawezaje kupata maana ndani yake? Anawezaje kuridhika nayo, asiishi akihesabu tu siku zilizobaki kabla ya mshahara?

Ningeweza kuanza na vitabu, na baadaye nitavigusa. Lakini nimeona nianze na kitu ambacho kila mmoja wenu amekipita asubuhi hii. Mkitoka nje ya ukumbi huu, inueni macho mtazame vilima vya Mbooni. Mtaona mistari. Miteremko imefungwa matuta, moja juu ya jingine kama ngazi, kutoka bondeni hadi karibu na vilele. Si trekta lililoyafanya. Ni jembe, sepetu na mikono ya watu.

Sehemu ya matuta ya Ukambani ilichimbwa na watu walioichukia kazi hiyo kwa moyo wao wote. Sehemu nyingine ilichimbwa na watu waliokuwa wakiimba. Jembe lilikuwa lile lile, jua lile lile, udongo ule ule. Mara nyingine hata mtu alikuwa yule yule, tofauti ni miaka tu. Ninataka tujiulize pamoja: ni kitu gani kilichobadilika? Tukilipata jibu hilo, tutakuwa tumepata mengi kuhusu kazi zetu wenyewe.

Manufaa bila maana

Katika miaka ya 1930, nchi hii ilikuwa taabani. Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992, ilikuwa imebanwa. Ardhi nzuri ya pembeni ilikuwa imechukuliwa na walowezi au kufungwa na Serikali, watu na mifugo wakasongamana katika kile kilichobaki. Ukame ulikuja, nzige wakaja, na mvua iliponyesha iliuchukua udongo wa juu ikaupeleka mtoni. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na uhifadhi wa udongo, aliandika ripoti ya kutisha juu ya hali hiyo. Aliona nchi inayoelekea kuwa jangwa.

Kuhusu udongo, hakukosea. Ulikuwa unakwenda kweli. Kosa lilikuwa katika dawa. Serikali iliamua kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba wakakusanywa na kuuzwa kwa mnada kwa bei ya chini. Ndipo Samuel Muindi Mbingu alipoongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana. Mnada wa lazima ulisimamishwa. Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Leo barabara ya katikati ya Nairobi inaitwa kwa jina lake, na maelfu ya watu huipita kila asubuhi wakienda kazini.

Baada ya hapo nguvu zilielekezwa kwenye matuta. Hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chifu alitoa amri, askari wake wakapita vijijini, na asubuhi zilizopangwa kila boma likatakiwa kutoa mtu wa kuchimba. Ulichimba mahali ambapo hukupachagua, pamoja na watu ambao hukuwachagua, kwa kipimo ambacho hukuelezwa. Tena palikuwa na hofu. Watu walinong'onezana kwamba Mzungu anawatengenezesha mashamba ili yakishapendeza ayachukue. Hawakuwa wakiota ndoto. Walikuwa wameviona vilima vya Mua vikichukuliwa.

Babu yangu alikuwa miongoni mwa wale waliochimba. Uzeeni alipenda kunisimulia, na kuna maneno aliyoyarudia mara nyingi, akitazama viganja vyake: "Mjukuu wangu, mikono yangu ilikuwa pale. Mimi sikuwapo."

Hapa ndipo penye funzo la kwanza, na ningependa mlishike, maana ndilo msingi wa yote nitakayosema. Kazi ile ilikuwa na manufaa. Tuta huzuia udongo hata kama limechimbwa kwa machozi. Maji hayaulizi nani alichimba na kwa nini. Lakini kazi hiyo haikuwa na maana kwa aliyeifanya. Manufaa na maana si kitu kimoja. Mkubwa anaweza kuamuru manufaa. Maana haiamriki.

Na tazameni mwisho wake. Amri ilipolegea, uhuru wa 1963 ulipokaribia na mara tu baada yake, matuta mengi yaliachwa. Mvua ilitoboa ukingo mahali, na hakuna aliyetoka kuuziba, kwa sababu hakuna aliyeliona tuta lile kuwa lake. Kazi iliyokosa maana ilipoteza hata yale manufaa iliyokuwa nayo.

Mwethya

Lakini mistari ipo. Mmeiona. Nani basi aliyeirudisha?

Wazee hapa wanalijua neno kabla sijalitamka. Mwethya ni desturi ya zamani ya Wakamba: mwenye kazi iliyomzidi, iwe ni kujenga nyumba au kupalilia shamba, aliwaita majirani zake, nao wakaja. Hakuwalipa fedha. Aliwapikia, wakala, na kesho yake yeye naye alikwenda kwa mwingine. Wakoloni walijaribu kuitumia desturi hiyo chini ya machifu ikawa jina tu, kazi ya lazima iliyovishwa nguo ya mwethya. Katika miaka ya 1950 watu walipoanza kuachiwa wachague wenyewe nani awe katika kikundi, nani awaongoze na shamba lipi litangulie, mambo yalianza kugeuka. Na katika miaka ya 1970 na 1980, wakati hakukuwa na askari wa chifu wala faini, wakulima wa Machakos na Makueni walichimba matuta kwa kasi ambayo amri haikuwahi kuifikia.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu mageuzi hayo. Walipima miaka sitini, tangu 1930 hadi 1990. Katika muda huo watu wa wilaya waliongezeka kutoka karibu robo milioni hadi kama milioni 1.4. Wengi wangetarajia ardhi iwe imekwisha kabisa. Watafiti hao walikuta kinyume chake: mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila mtu yamepanda. Nchi iliyokuwa imehukumiwa jangwa ilikuwa imerudishwa na wenyewe. Nao wenyewe hao, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta mshahara.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake hao, na hili niliona kwa macho yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi zamu ya kikundi ilipofika shambani kwetu. Kwetu ni mteremko mkali; ukiangusha chungwa huko juu, utalifuata hadi mtoni. Alfajiri walikuja akina mama kama thelathini, kila mmoja na jembe lake begani, wengine na watoto mgongoni. Mmoja alikuwa na kamba ndefu yenye vijiti viwili na pimamaji dogo katikati. Alimweka mwenzake mwisho mmoja, yeye akashika mwisho wa pili, akasogeza kijiti chake juu kidogo, chini kidogo, mpaka kiputo kikasimama katikati ya kioo. Akapiga jembe kuweka alama. Wakasogea mbele, wakafanya tena. Nilishangaa jinsi mstari ulivyopinda kufuata kilima, ilhali yeye alikuwa akisema uko sawa sawa.

Kisha wakachimba mtaro, kina cha goti hivi, na udongo wote wakautupa upande wa juu. Hiyo ndiyo siri yenyewe, na ni kazi ngumu, kwa kuwa mwili unapenda kutupa chini. Udongo ukitupwa juu hufanya ukingo. Mvua ikija huleta udongo mwingine ukaegemea hapo, na baada ya misimu kadhaa mteremko huanza kulala wenyewe na kuwa uwanja. Wataalamu wa kilimo ulimwenguni kote huiita njia hii kwa jina moja, katika vitabu vya Kiingereza, vya Kifaransa na vinginevyo: fanya juu. Ni Kiswahili. Ni neno la shambani, ambalo dunia imelichukua jinsi lilivyo kwa sababu haikuwa na bora zaidi.

Saa sita mchana niliwapelekea maji. Mama mmoja mzee alikunywa, akanirudishia kibuyu, akanionyesha ukingo uliokuwa bado mbichi na mwekundu. "Mwanangu," akasema, "hili utalikuta ukiwa na mvi." Nimelikuta. Juu yake kuna nyasi ya nepia, na mwaka hadi mwaka mahindi ya mstari wa kwanza upande wa juu wa nyasi ile huwa marefu kuliko mengine yote.

Kilichobadilika

Turudi kwenye swali letu. Babu alichimba na mama alichimba. Kwa nini babu "hakuwapo", na mama akawapo mzima mzima, hata usiku ule akiwa amechoka alikuwa bado akisimulia mambo ya mchana? Nimelitafakari jambo hili miaka mingi, na ninaona vitu vinne.

Cha kwanza ni uamuzi. Mama na wenzake walikaa chini ya mti wakaamua: shamba la nani, siku gani, nani atapika. Kazi iliyopita katika kichwa chako kabla ya kufika mikononi huwa yako. Hata katika kazi uliyoajiriwa kuna sehemu inayongoja uamuzi wako. Huenda ni ndogo. Itafute.

Cha pili ni ustadi. Yule mwenye kamba na pimamaji hakuwa akitumika tu, alikuwa anajua. Alikosea zamani, akafundishwa, akajua. Binadamu hufurahia kufanya jambo vizuri, na furaha hiyo haitegemei jambo lenyewe ni la hadhi gani. Tazameni anayesuka kiondo. Anasokota nyuzi za mkonge kwa kiganja juu ya paja lake, anaanza na kitako, anazunguka. Vidole vinakwenda naye njiani, vinakwenda akiwa mkutanoni, na nina hakika hata humu ukumbini sasa hivi kuna mama anayesuka huku ananisikiliza. Simlaumu. Uzi ukilegea atajua kwa ncha ya kidole kabla ya jicho kuona. Huo ni ujuzi, na ujuzi humpa mtu heshima mbele ya nafsi yake.

Cha tatu ni kujua kazi inakwenda wapi. Mwaka 1978, upande wa Kola, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, na kikundi hicho kikaja kujulikana kwa mabwawa ya mchanga, kama vile wenzetu wa Kitui walivyojenga mamia yao. Mnajua lilivyo bwawa la mchanga. Watu wanabeba mawe na makarai ya mchanga wakati wa kiangazi, wanajenga ukuta juu ya mwamba katikati ya mto mkavu. Mvua inakuja, mto unafurika, na badala ya ziwa unaona mchanga umejaa hadi juu. Mpita njia anadhani kazi imeharibika. Kumbe mle ndani ya mchanga, katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe, maji yamejificha, robo ya ujazo wote au zaidi, mbali na jua na mbali na mbu. Unachimba kwa mkono, yanakuja. Aliyebeba mawe anayajua hayo, ndiyo maana mawe hayakumlemea kama yalivyomlemea aliyeamriwa. Kazi nyingi duniani ni kama bwawa la mchanga: matunda yake hayaonekani juu. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua ninachosema. Ndiyo sababu ni lazima mtu aambiwe, au ajikumbushe mwenyewe, maji yako wapi.

Cha nne ni wenzako. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliufundisha ulimwengu kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hawi mtu peke yake. Yupo kwa sababu wengine wapo. Wengi hudhani hilo ni jambo la falsafa. Mimi naamini Mbiti alikulia katika mahali ambapo jambo hilo lilionekana shambani. Kuna methali ya Waswahili isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisema kama kemeo kwa mgeni mvivu. Isikilizeni tena. Mgeni hupewa kiti. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: wewe sasa ni wetu, na tunakutegemea.

Upindo wa sare

Nisije nikaonekana nimekwama milimani na mambo ya zamani. Tushuke sokoni.

Kuna mama fundi wa cherehani ambaye nimekuwa nikimtazama kwa miaka. Sitamtaja. Kibanda chake ni mabati matatu na kiti. Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa hushona sare hadi usiku. Siku moja nilikuwa nimekaa nikingoja suruali yangu, nikamwona akikunja upindo wa rinda la mtoto wa shule. Akaukunja upana wa kiganja kizima. Nikamuuliza, "Mama, kitambaa chote hicho cha ndani ni cha nini? Si ungepunguza ukapata faida?"

Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. "Mwalimu, mtoto huyu anakua. Mwaka ujao mamake ataufungua upindo, rinda lirefuke. Na mwaka wa pili ataufungua tena. Yule mama hana pesa ya sare kila mwaka."

Nikamuuliza kama mama wa mtoto ndiye aliyemwomba afanye hivyo. Akasema hapana, na huenda hata hajui mpaka siku rinda litakapokuwa fupi.

Nimekaa na upindo ule akilini kwa muda mrefu. Hakuna aliyeuagiza. Haumwongezei bei, na kwa kweli unampunguzia mteja wa mwakani. Lakini tazameni mambo manne yote yamo ndani ya upana wa kiganja: ameamua mwenyewe, ana ujuzi wa kuificha mishono isionekane, anajua kazi yake inakwenda wapi hadi miaka miwili mbele, na kuna mtu mwingine pale, mtoto ambaye magoti yake bado hayajafika huko. Mama huyu hakuhudhuria semina ya maana ya kazi. Anaishona.

Vijana wangu, wengi wenu mmesomea ushonaji, useremala, umeme, ufundi bomba na uashi. Wengine mmemaliza vyuo vikuu, mmetembea na bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi, na sasa mko kwenye boda boda au mnauza nyanya mkisubiri "kazi". Sikilizeni kwa makini: siwaambii mwache kutafuta. Tafuteni. Lakini msiishi kana kwamba maisha yenu yameahirishwa. Mwendesha boda boda anayeamshwa saa nane za usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali, akapunguza mwendo kwenye kila shimo, ana upindo wake pale. Muuza nyanya anayemwambia mteja "hizi ni za kupika leo, hizi zitakaa hadi Jumapili" naye ana wake. Kila kazi halali ina mahali ambapo unaweza kuacha upana wa kiganja kwa ajili ya mtu mwingine.

Kazi ambayo hukuichagua

Najua mnachofikiri baadhi yenu. Mwalimu, hayo ni ya fundi mwenye cherehani yake. Je, sisi tulioajiriwa?

Swali hilo ni la haki, na nisilikwepe. Mabinti wengi kutoka huku kwetu huenda Athi River katika viwanda vya nguo vinavyoshonea soko la Marekani, lililofunguliwa na sheria ya biashara ya AGOA ya mwaka 2000. Humo mtu hashoni shati. Anashona kola. Kola, kola, kola, tangu asubuhi hadi kengele. Hamjui atakayelivaa shati na hatamjua. Mama wa sokoni anaona magoti ya mtoto. Binti huyu anaona lundo linalopungua na lundo linaloongezeka. Kumwambia "penda kazi yako" na kuondoka ni kumkosea heshima.

Lugha yetu wenyewe inakumbuka ugumu huu. Kibarua, asili yake, ni barua ndogo: kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili athibitishe kwamba alifanya kazi. Polepole karatasi ikawa jina la kazi, kisha ikawa jina la mtu. Tunasema "yeye ni kibarua". Mtu akageuka kikaratasi! Na tangu karibu mwaka 1920 babu zetu walivaa kipande shingoni, kimefungwa katika kikopo cha chuma, kionyeshe wanamfanyia nani kazi. Hatuwezi kuzungumza juu ya maana ya kazi katika nchi hii tukasahau kwamba kwa muda mrefu kazi ilitumika kumfuta mtu.

Kwa hiyo nasema mambo mawili kwa pamoja, wala msichukue moja mkaacha la pili.

La kwanza: maana si badala ya ujira. Akija mtu akuambie kazi hii ni wito, ni huduma, ni baraka, kisha asikulipe haki yako, jua kwamba anarudia ya chifu na matuta. Yeye pia alisema ni kwa faida yenu. Mwenye mwethya, kama hakuwa na fedha, aliwapikia watu wakashiba na kesho akawafanyia kazi. Hakula jasho la mtu bure. Kudai mshahara wa haki, saa za haki na heshima ni sehemu ya kuipa kazi maana, kama alivyofanya Muindi Mbingu alipokwenda Nairobi na watu wake.

La pili: hata mahali pagumu, mtu hageuki kikaratasi mpaka akubali. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, watafiti wa Marekani, waliandika juu ya wafagiaji wa hospitali. Kazi yao yote ilikuwa moja, ndoo na kitambaa. Baadhi yao waliieleza kama kufagia tu. Wengine walijiona miongoni mwa wanaoponya: walimtazama mgonjwa asiye na wageni, wakamsemesha, wakapanga kufagia chumba kwa saa isiyomsumbua. Hakuna aliyewaandikia hayo katika mkataba. Na yule binti wa kola? Namfahamu mmoja kati ya hao. Meza yao ina watu kumi na wawili. Wana chama, kila mwisho wa mwezi mmoja wao anapokea. Zamu yake ilipofika alimnunulia mamake tangi la maji ya mvua. Aliniambia siku hiyo kola zilikuwa nyepesi. Amepeleka mwethya hadi Athi River.

Usiku wa mvua ya kwanza

Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Ni methali ya kweli, lakini inaweza kutudanganya tukidhani kwamba jua ni la kuteseka tu na uhai unaanza kivulini. Nimewaeleza habari za watu walioishi kweli kweli wakiwa juani. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Naomba nimalizie na usiku. Nyote mnaujua usiku ninaousema. Ni mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, joto limekaba, mawingu yamekuwa yakidanganya kwa wiki nzima. Kisha mvua ya vuli inaanguka, ya kwanza, nzito, na harufu ya vumbi inajaa nyumbani. Watoto wanashangilia. Mama yangu hakushangilia. Alichukua tochi na jembe akatoka.

Alikuwa akienda kutembea juu ya matuta, moja baada ya jingine, kwenye giza na matope, akitafuta mahali ambapo maji yameanza kutoboa ukingo. Akipakuta, aliweka mawe, akaweka udongo, akakanyaga kwa miguu yake mpaka pakashika. Tulipokuwa wadogo tulidhani anaokoa shamba letu. Siku moja nikiwa mkubwa nikatoka naye kumwangazia, na nikaona kwamba mahali alipokuwa akihangaika kuziba, hata kama maji yangetoboa, yasingetudhuru sisi. Sisi tulikuwa juu. Yangeshuka kwa jirani, yakachukua mbegu zake zote alizozipanda juzi, na kutoka hapo kwa jirani wa pili, hadi mtoni.

Nilimwambia, "Mama, hapa si kwetu tena. Mvua ni kali, turudi."

Akanijibu bila kusimama: "Wao wamelala. Wanajua niko hapa."

Ndugu zangu, mtakapotoka ukumbini, tazameni tena mistari ile ya Mbooni. Kila mmoja wetu ana tuta lake, na kwa kila tuta kuna mtu aliye chini yake, ambaye amelala kwa sababu anajua tuko pale. Mteja, mwanafunzi, mgonjwa, abiria, mtoto wa sare. Kabla ya Jumatatu, jiulizeni ni nani huyo kwenu. Mkimpata, chukueni jembe.